Vilivyofichwa Karura

Miaka ya tisini, tulipokuwa tukipanda matatu ya Kiambu, abiria walikuwa wakifunga madirisha gari likifika kando ya msitu wa Karura. Hakuna aliyewaambia wafunge. Kila mtu alijua kwamba mle ndani mlikuwa na majambazi, kwamba magari ya wizi yalitelekezwa humo, na kwamba maiti ziliwahi kuokotwa humo. Sisi watoto tulifundishwa kwamba kitu kikishaingia Karura hakitafutwi.

Baadaye tukajua kwamba kilichofichwa zaidi hakikuwa porini bali kwenye makaratasi. Msitu huo, uliotangazwa kuwa hifadhi tangu 1932, ulikuwa umekatwakatwa vipande na kugawiwa watu binafsi kimyakimya ili wajenge. Mwaka 1998 Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaanza kwenda na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walinzi wa kukodiwa waliwashambulia, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi alitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Baba yangu, ambaye magazeti yake yote yaliishia kuwashia jiko, gazeti la siku ile alilikunja akaliweka kabatini.

Mwaka uliofuata, mbali kabisa na kwetu, jambo jingine lilitokea ambalo sikulisikia hadi nilipokuwa mtu mzima. Tarehe 2 Mei 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS. Kifaa cha raia, ambacho kingeweza kukosea kwa mita 100, sasa kilikuwa kinakosea kwa mita chache tu. Kesho yake Dave Ulmer akaficha ndoo yenye vitu vidogovidogo kichakani karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza namba za mahali ilipo kwenye intaneti, na kuweka sharti moja: ukichukua kitu, acha kitu. Ndivyo ulivyozaliwa mchezo wa jiokashi, na leo vificho vyake duniani vinahesabiwa kwa mamilioni.

Mimi niliucheza kwanza na mwenzangu wa kazini aliyekuwa na kifaa cha mkononi chenye kioo cha kijivu. Tulizunguka nacho mitaani na kwenye bustani, kwa sababu kuingia Karura bado ilikuwa ni kujitafutia balaa. Kilichotufungulia msitu hakikuwa simu wala setilaiti. Mwaka 2009 majirani wa msitu waliunda chama, Friends of Karura, wakashirikiana na Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Uzio wa umeme ukajengwa, na vijana wa kijiji cha Huruma, kinachopakana na msitu, wakaajiriwa kuwa maskauti. Njia zikafunguliwa, na kwenye njiapanda kukasimikwa nguzo zenye namba. Naamini kabisa kwamba namba hizo zimewatoa watu hofu kuliko bunduki yoyote ya askari.

Mwaka jana nilimchukua mpwa wangu tukaingia kwa lango la Limuru Road. Njia ya kuelekea maporomoko ni rahisi: udongo mwekundu ulioshikana, mteremko wa taratibu, kina mama wakisukuma vigari vya watoto. Mbega, ambao walikuwa wametoweka humu kabla ya kurudishwa, walikuwa wakirukaruka juu ya mihugu. Tulipokaribia kificho, mshale kwenye simu ukaanza kutangatanga, maana majani mazito hudhoofisha mawimbi. Nikaizima. Hapo ni kazi ya macho: unatafuta mawe yaliyopangika mno, au vijiti vilivyolala sambamba kuliko vinavyoweza kuangushwa na upepo.

Mpwa wangu ndiye aliyeviona. Nyuma ya vijiti kulikuwa na kisanduku cha mfuniko wa kubana, na ndani yake gololi, kifungo cha koti, sarafu ya Tanzania, na kidaftari ndani ya mfuko pamoja na kipande cha penseli. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa unyevu, zimejaa majina na tarehe za watu wasiojuana. Alichukua gololi, akaacha bangili yake ya shanga, akaandika jina lake polepole kwa herufi kubwa.

Skauti akatokea. Kwa desturi ya mchezo ya kutomwonyesha mpita njia kificho, mpwa wangu aliinama kujifanya anafunga kamba za viatu.

“Habari zenu,” kijana akasema. “Mkimaliza, mama, hivyo vijiti virudisheni vile vilivyokuwa.”

Sasa binti anataka kuficha kisanduku chake mwenyewe. Nilimwambia lazima tuombe ruhusa KFS, akashangaa: ruhusa, kwa kikopo kidogo hivyo? Basi nikamsimulia habari za miche na za Januari 1999. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, “Shangazi, na wale waliogawa msitu, wao walimwomba nani?”

Barua ameiandika kwa mkono wake. Ameahidi kwamba kisanduku hakitachimbiwa ardhini, hakitagusa mizizi ya mti wowote, na kitakuwa angalau mita 161 kutoka kificho kingine, kama kanuni zinavyotaka. Nimemsahihishia tahajia tu.