Siku za Kwanza Chuoni

Mwaka hata mwaka twawaona vijana wakiaga kwao kwenda kusomea ualimu. Wengine hurudi kabla mwezi haujaisha, na watu husema, "Wavivu hao." Sisi hatuwacheki, kwa maana ilibaki kidogo tuwe mmoja wao. Basi tumeona vema kuyaeleza yaliyotupata, huenda yakamfaa kijana mmoja.

Ilikuwa Julai 2010. Tulikuwa tumemaliza kidato cha nne, tukapata nafasi katika chuo kimoja cha kanisa katika milima ya Usambara, kusomea cheti cha Daraja la Tatu A, mafunzo ya miaka miwili. Kwetu ni Pangani, penye joto na minazi. Mama yetu aliuza mbuzi wawili ili tupate ada na sanduku la bati. Gari lilipotoka Mombo na kuanza kupanda mlima kwenda Lushoto, tulifunga dirisha kwa baridi, tukajikunyata.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ile ile. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, nayo iligongwa saa kumi na nusu alfajiri. Tulikimbia mchakamchaka gizani, tukateremka bondeni kuchota maji, tukafagia, tukapasua kuni, tukaenda kanisani. Ndipo tukapewa uji. Baada ya hayo vipindi mpaka jioni, kisha shamba. Usiku tuliandika maandalio ya masomo hata taa zizimwe. Siku moja mwenzetu alilala usingizi akiwa amesimama, ufagio mkononi, na hapana aliyekuwa na nguvu za kumcheka.

Hata juma la tatu likaingia. Mikono ilikuwa imechubuka, na kichwa kilikuwa kizito. Tukaazimu moyoni ya kwamba Jumamosi tutaondoka. Nguo tukazipanga sandukuni kwa siri, tukabakiza shati moja tu la kuvaa. Tulipomkumbuka mama na mbuzi wake tuliona haya, walakini uchovu ulizidi haya.

Siku ya Alhamisi tulipelekwa shule ya mazoezi kufundisha somo letu la kwanza, Hisabati, Darasa la Pili: hesabu za kutoa ambazo yampasa mtoto kuchukua kumi. Watoto walikuwa arobaini na mmoja. Tuliandika ubaoni 52 kutoa 27, tukaeleza kwa sauti kubwa, tukafuta, tukaeleza tena. Tukauliza, "Mmeelewa?" Wakaitika wote, "Ndiyo, mwalimu!" Tukafurahi sana.

Tulipokusanya madaftari, karibu wote walikuwa wameandika 35. Walipoona 2 haitoshi kutoa 7, waligeuza, wakatoa 2 katika 7. Waliopata 25 walikuwa sita tu.

Mkufunzi wetu, mtu mzima mwenye maneno machache, alikuwa ameketi nyuma ya darasa. Tulingoja karipio. Yeye alifungua andalio letu, akaweka kalamu juu ya safu ya vitendo vya mwalimu. Ilikuwa imejaa pomoni. Akaisogeza kwenye safu ya vitendo vya wanafunzi. Katika kila hatua, tangu utangulizi mpaka hitimisho, tulikuwa tumeandika neno moja: kusikiliza.

Akasema, "Mwalimu, leo umechoka sana. Lakini hawa watoto hawakuchoka hata kidogo." Kisha akaondoka.

Neno lile lilituchoma kuliko karipio. Jioni ile hatukwenda kulala. Tuliokota vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa nyuzi za katani. Siku ya pili tuliomba ruhusa ya kurudi darasani. Tukawapa watoto mafungu matano na vijiti viwili, kila kikundi, tukasema, "Toeni 27." Kisha tukanyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kugumu kuliko kupasua kuni. Wakatazamana. Msichana mmoja mdogo, ambaye jana alikuwa ameandika 35, akashika fungu moja, akatutazama, akalifungua. Vijiti kumi vikamwagika juu ya dawati. Akaanza kuhesabu.

Hawakupata wote. Waliopata walikuwa ishirini na watatu, nao kumi na wanane wakabaki, na hao ndio tuliowaza usiku kucha. Jumamosi ilipofika tulitoa nguo sandukuni, tukazitundika.

Wala tusiwadanganye ya kwamba uchovu ulipungua. Kengele iligongwa saa ile ile, na maji yalikuwa mbali vile vile. Ila zamani tuliamka kwa ajili ya kengele. Sasa tuliamka kwa ajili ya wale kumi na wanane.

Basi, ninyi wazazi, kijana wenu akipiga simu akilia, msimtukane, wala msiharakishe kumtumia nauli. Mwambieni angoje mpaka asimame mbele ya watoto. Nawe kijana, ukiisha kuandika andalio lako, tazama kwanza ile safu ya pili. Ikiwa humo umeandika kusikiliza tu, usilale bado. Toka nje ukaokote vijiti.