Silinda Tatu

Udogo una washitaki wengi na mawakili wachache. Mtu akisema kuwa gari lake lina injini ya silinda tatu, wasikilizaji hutabasamu, kana kwamba amekiri kilema cha mwili wake. Silinda nne zimekuwa desturi kwa muda mrefu, na desturi ikizeeka huheshimiwa kama sheria. Mnunuzi wa gari la kwanza, aliyekusanya fedha zake shilingi kwa shilingi, huona haya kwa chombo ambacho kilistahili kumpa faraja.

Hoja ya silinda tatu si ngumu kueleweka. Kila pistoni husugua ukuta wa silinda yake, na kila msuguano ni kodi itozwayo petroli. Pistoni ikipungua moja, kodi hupungua. Injini huwa fupi na nyepesi, na gharama ya kuiunda hushuka. Nchini India, Maruti 800 ilianza kuuzwa mwaka 1983 ikiwa na silinda tatu zenye ujazo wa sentimita 796, ikaendelea kuundwa hadi 2014. Jamaa nyingi zilimiliki gari kwa mara ya kwanza kwa sababu yake. Toyota Vitz ya 1999 ilikuwa na injini ndogo ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita 997. Ile ya 2005 ilipewa ya silinda tatu yenye ujazo wa 996. Magari hayo, yaliyokwisha tumika Japani, si mageni katika barabara za Nairobi na Dar es Salaam.

Lakini wakili mwaminifu hafichi kosa la mteja wake. Silinda tatu hutetemeka. Katika injini ya silinda nne, mhimili hupata pigo la moto kila uzungukapo nusu; katika ya silinda tatu, hungoja theluthi mbili za mzunguko. Gari lisimamapo penye taa, kitambo hicho baina ya pigo na pigo huhisiwa kitini. Tena pistoni za pembeni hazipandi pamoja, basi injini hutaka kuyumba kichwa na mkia kama mashua juu ya wimbi. Waundaji huituliza kwa mhimili wa uzani, au kwa uzito uliopangwa katika gurudumu lake. Na injini ndogo ikipakiwa watu watano na mizigo yao, ikapandishwa mlima, hujitahidi kupita kiasi, na akiba ya petroli huliwa na mlima.

Kwa hiyo haki haiulizi ukubwa wa injini, bali ukubwa wa kazi. Aliye na mizigo na milima atafute nguvu zaidi. Aendaye kazini na kurudi nyumbani hana deni la kumridhisha jirani, maana gari kubwa lililolala uani kwa kukosa petroli halimfikishi mtu popote. Mwenye kuona haya kwa injini yake ndogo na ajiulize ni safari gani iliyomshinda kwa sababu yake. Kama haipo, basi haya hiyo si yake. Ameazimwa na watu wasiomlipia petroli.