Bamburi, Pasipo na Mshindi wala Mshinde

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa na kushika barabara ya Malindi, utafika Bamburi, na upande wa kushoto utaona msitu wa mivinje. Mgeni hudhani msitu huo ulikuwapo tangu zamani. Sivyo. Hapo palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, peupe na pakavu. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Mingi ilikufa, lakini mvinje ulistahimili. Majani yake yalipokawia kuoza, waliletwa majongoo wayatafune, na polepole udongo ukapatikana. Leo mahali hapo panaitwa Haller Park.

Wengi huja kutazama wanyama. Mimi nilikwenda likizo ya Agosti pamoja na dada yangu na mwanawe wa miaka 9, ambaye mikono na miguu yake haimtii. Hujikwaa mahali tambarare. Mpira humpita mikononi. Vifungo vya shati humchelewesha shule. Wenzake walipochoka kumcheka waliacha kumchagua timuni, naye akaacha kutoka nje kucheza.

Akina mama, watoto wa namna hii si wachache. Wataalamu hukadiria kuwa ni watano au sita kati ya kila watoto 100 wa umri wa kwenda shule. Si uvivu, si ukaidi, wala si upungufu wa akili. Hatari kubwa si kudondosha kikombe, bali ni mtoto kujitenga. Asiyecheza hukosa nguvu za mwili, hukosa marafiki, na huanza kujiona hafai. Hapo moyo huumia kuliko magoti.

Ndiyo maana naisifu Bamburi. Katika vijia vya msitu ule kila mtu hutembea kwa mwendo wake. Kobe wakubwa wa asili ya Aldabra wanakwenda taratibu kuliko mtoto yeyote. Tulimsimulia kijana habari za Mzee, kobe mkongwe aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi mwishoni mwa 2004 na kuletwa hapa. Alicheka sana.

Kisha tukafika kwa twiga. Mtoto hupewa chakula kiganjani, na twiga huinamisha shingo na kukilamba. Nusu ya chakula ilimwagika. Twiga akaendelea kulamba kilichobaki. Kijana akanigeukia: "Mama mdogo, huyu hakunisema!" Dada yangu akatazama pembeni, akafuta macho kwa ncha ya leso.

Alasiri tulivuka barabara hadi ufuoni. Miamba ya matumbawe huvunja nguvu za mawimbi, na maji yanapokupwa hubaki vidimbwi vya kina kifupi. Majini mwili huwa mwepesi, na anayeanguka mchangani haumii. Kuchimba mchanga nako ni kazi nzuri kwa vidole. Hata hivyo, asiachwe peke yake. Mama awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na aulize kwanza saa za maji kujaa na kupwa.

Ukienda, chagua siku isiyo na watu wengi. Mvalishe nguo na viatu rahisi kuvaa na kuvua. Mwache achague mwenyewe la kufanya, wala usimlinganishe na ndugu zake.

Si kila familia inaweza kulipa nauli na kiingilio. Lakini nyumbani pia ipo michezo isiyohesabu mabao: kutembea pamoja jioni, kupanda mboga, kukanda unga, kuimba kwa kupiga makofi. Jambo gumu ligawe katika hatua ndogo, umfundishe moja moja. Mpeleke kwa daktari achunguzwe, na ufanye haraka ikiwa anapoteza jambo aliloliweza zamani. Na akimwaga uji leo, mpe kitambaa afute, kisha mjazie tena kikombe.