Kifaru Niliyempamba

Mlezi wa Chama cha Kiswahili aliponiomba mimi, mwanachama wa zamani, nichangie ukurasa mmoja katika jarida letu, nilikuna kichwa. Mashairi siyawezi, na vitendawili vyangu vyote mlishavitegua. Basi nitawasimulia habari ya picha ya kifaru inayoning'inia ukutani katika maktaba yenu, maana kila nikija hapa sikosi mtu wa kuniuliza.

Mwaka ulikuwa 2019, nami nilikuwa kidato cha tatu. Klabu yetu ya wanyamapori ilikuwa imepanga safari ya Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru. Nilitaka kwenda na kamera kwa udi na uvumba. Simu haikufaa, kwanza kwa kuwa ilikatazwa shuleni, pili kwa sababu simu humfanya ndovu aonekane kama sisimizi. Nikamwendea mjomba wangu, ambaye ana studio ndogo ya picha za pasipoti na harusi.

Mjomba alinitazama kutoka utosini hadi nyayoni. "Haya kijana, chukua," akasema. "Lakini ukiiangusha usirudi hapa. Enda moja kwa moja kwa mamako."

Alinipa Nikon D3100, kamera iliyotoka mwaka wa 2010, pamoja na lenzi mbili. Moja ilikuwa ile fupi ya kawaida. Ya pili ilikuwa ndefu ya milimita 70 hadi 300, aliyoinunua enzi za filamu. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo, nami niliyaona hayo mapema. Lenzi ile ya kale haina mota ndani yake; ilitegemea kamera yenye mota izungushe vioo. D3100 haina mota hiyo. Kwa hivyo ukizifunga pamoja, unabonyeza na picha inabaki ukungu mtupu! Nilidhani nimeivunja, moyo ukanidunda kama ngoma. Kumbe dawa ni kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono wako mwenyewe, polepole, mpaka kidoa cha kijani kiwake ndani ya tundu la kuchungulia. Nilijizoeza juma zima kwa kupiga picha za kunguru wa jaa la jikoni. Kunguru wale walinifunza subira kuliko mwalimu yeyote, samahani walimu wangu.

Jambo jingine ni mtetemo. Lenzi ya 300 ikitikisika chembe, picha imekwisha. Mjomba alinishauri nisishuke chini ya 1/500 ya sekunde, na nitafute kitu laini cha kuilaza lenzi dirishani mwa basi. Nilimbembeleza mpishi akaniazima kilo mbili za maharagwe, nikayatia kwenye soksi ya mpira. Safari ilipokwisha niliyarudisha, na jioni ile shule nzima ilikula githeri. Sikumwambia mtu.

Tuliingia mbugani asubuhi. Wengi wetu tulitazamia kuona ziwa likiwa limetandikwa waridi la flamingo, kama kwenye vitabu vya jiografia. Wapi! Maji yalikuwa yamepanda miaka ile, chumvi ikazimuliwa, na ule mwani mdogo wa majini wanaoula flamingo ukapungua. Wengi walikuwa wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Ukingoni ilisimama migunga iliyokufa, mieupe kama mifupa, maji yakiwa yameifika kiunoni. Nilipiga picha chache, lakini moyo wangu haukuwa hapo.

Ndipo dereva akafunga breki na kuzima injini bila kuombwa. Mungu ambariki. Kifaru mweupe alikuwa akichunga majani, hatua arobaini hivi kutoka kwetu. Mweupe si kwa rangi, jamani. Alikuwa wa kijivu kama jiwe. Humtambua kwa mdomo wake mpana wa kufyekea nyasi, ilhali yule mweusi ana mdomo uliochongoka wa kuvutia majani ya vichaka. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, alama wanazowekwa ili askari wa mbuga wawatofautishe. Basi zima lilinyamaza. Nililaza lenzi kwenye soksi yangu, nikazungusha pete, kidoa kikawaka, nikabonyeza. Akainua kichwa, nikabonyeza tena.

Siku ile nilipiga picha 212. Zilizofaa zilikuwa nne. Iliyonitoa machozi ya furaha ilikuwa moja.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mbele ya kompyuta ya mjomba, nikaikuza picha ile, na furaha ikaingia dosari. Nyuma ya kifaru kulikuwa na ua wa stima. Nyuma ya ua kulikuwa na nyumba, mabati, nguo zilizoanikwa. Kwa macho yangu mle basini vitu hivyo vilikuwa mbali hata sikuvijali, lakini lenzi ndefu ina tabia ya kuvisogeza vya nyuma hadi vibanane na vya mbele. Kifaru wangu alionekana kama ng'ombe wa jirani.

Kwanza nilifanya yale yanayokubalika: nikanyoosha mstari wa upeo, nikaongeza mwangaza kidogo, nikapunguza pembeni. Ningeachia hapo ningelala usingizi mtamu. Lakini programu ile ina kifaa cha kunakili sehemu moja ya picha na kuipaka juu ya nyingine. Nikapaka nyasi juu ya nguzo. Nikapaka mgunga juu ya mabati. Saa nne nzima! Nilipoinuka, kifaru alikuwa peke yake katika pori lisilo na mwisho, kama wa kalenda.

Mjomba alichungulia, asiseme mengi. "Umehifadhi kando? Ile ya kwanza usiiguse kamwe," akasema, akaenda kuwahudumia wateja.

Picha ilibandikwa ubaoni. Mwalimu mkuu aliitaja gwarideni, nami nikavimba kichwa. Mlezi wa klabu akaleta fomu ya shindano la picha la shule. Chini kabisa palikuwa na sentensi moja: nathibitisha kwamba hakuna kitu kilichoongezwa wala kuondolewa. Nilitia sahihi. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Siku ya pili yake nilimkuta msichana wa kidato cha kwanza amesimama mbele ya ubao, uso karibu uguse karatasi.

"Kaka, huyu namjua," akasema. "Huyu wa sikio la pengo. Asubuhi huja hapa nyuma ya kwetu."

"Ehe," nikajibu, kifua mbele.

"Sasa kwetu kuko wapi? Nyumba yetu ni ya paa jekundu, hapa hapa. Na mgunga huu mbona umezaa pacha?"

Nilitazama. Kweli, migunga miwili, tawi kwa tawi, hata ndege aliyetua juu yake alikuwa wawili. Saa nne za kazi yangu, na mtoto wa miaka kumi na minne amezifumua kwa dakika moja. Lakini lililonichoma si mgunga. Nilikuwa nimeifuta nyumba ya mtu kwa kuwa ilinichafulia picha.

Jioni nilibisha ofisini kwa mlezi wetu, nikatoboa yote. Alisikiliza, akaichukua ile fomu na kuichana vipande viwili, kisha akaniketisha. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alinieleza kwamba mwaka wa 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000, na kufikia miaka ya 1980 walikuwa wamebaki chini ya 400 kwa sababu ya majangili. Ziwa Nakuru ikazungushiwa ua wa stima ili iwe hifadhi yao, na baadaye vifaru weupe, ambao asili yao ni Afrika Kusini, wakaletwa humo pia. Mimi nilikuwa nimeufuta ua huohuo. Akaniambia pia kwamba hata jarida la National Geographic liliwahi kusogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zienee kwenye jalada la Februari 1982, na lawama zake hazijasahaulika.

Tulituma ile ya kwanza, pamoja na ua wake na mabati yake. Haikushinda chochote. Ndiyo hiyo mnayoiona maktabani.

Msichana yule aliniomba nakala ampelekee mamake, nami nikamchapia moja studioni kwa pesa zangu. Likizo ilipokwisha aliniletea salamu na shukrani, pamoja na swali: mama anauliza, mbona kifaru ametoka vizuri hivyo, nyusi zote zinahesabika, na shuka zake alizoanika zimetoka ukungu?