Zao la Biashara ni Lipi?

Kila tufikapo kwenye msamiati wa kilimo katika madarasa yetu ya Kiswahili hapa Merikit, wilayani Tororo, wanafunzi hutuuliza: "Zao la biashara ni lipi?" Jibu la kawaida ni jepesi: pamba, kahawa, chai, tumbaku. Ulezi, mtama, mahindi na muhogo huwekwa kando, chini ya "mazao ya chakula". Mgawanyo huo hautupendezi.

Pamba, tukubali, ilistahili jina hilo. Ilianza kupandwa kwa ajili ya soko mwaka 1903, mbegu zikagawiwa kupitia machifu, nao mara nyingi waliwashurutisha watu kulima. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ikaweka sheria ili mbegu ziwe za aina moja, kwani wenye viwanda vya Uingereza hawakutaka nyuzi za mchanganyiko. Mkulima hakuila pamba. Aliiuza, akalipa kodi. Mizani, robota, kinu cha kuchambulia: maneno hayo nayo yakaota mizizi vijijini. Lakini ulezi ulitangulia shambani kwa mvua za kwanza, pamba ikafuata baadaye. Pamba ilipochukuliwa, ghala la ulezi halikuguswa.

Misukosuko ya miaka ya 1970 iliiangusha pamba, na hata soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, haikurudia ukubwa wake wa zamani.

Sasa utazameni mpaka wa Busia na Malaba. Malori yanayoingia Kenya yamebeba mahindi na maharage, yaani kile kiitwacho chakula. Mwezi Machi 2021 Kenya iliyapiga marufuku mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (neno zuri, lililoundwa kwa ufasaha), kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti. Kwa mwenye magunia yaliyokwama mpakani, zao gani lilikuwa la biashara zaidi ya hilo?

Twaogopa jambo moja. Mzazi huuza mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili alipe karo. Miezi michache baadaye huenda sokoni kununua unga kwa bei kubwa. Pamba, pamoja na dhuluma zake zote, haikumtendea hivyo. Ndiyo maana siku hizi hatuwaagizi wanafunzi wapange mazao katika safu mbili. Huandika jina la zao, kisha hueleza ni nani aliyeliuza, lini, na ghalani kulibaki nini.