Msimamizi Hayupo

Fundi mmoja wa kompyuta wa Kariakoo alianza kazi wakati mashine nyingi alizoletewa jijini Dar es Salaam zilikuwa za mtumba, zilizoshushwa kutoka Uingereza na Dubai. Mara nyingi zilifika na jina la mwenyewe wa zamani bado limo ndani. Mashine inawaka vizuri, skrini inadai nenosiri, na anayelijua yuko ng'ambo. Zile za Windows 98 hazikumsumbua hata kidogo. Alibonyeza Esc, kisanduku cha nenosiri kikaondoka, akaingia. Nenosiri lile halikulinda kitu chochote kilichokuwa kwenye diski, na aliyekaa mbele ya kibodi ndiye aliyekuwa na mamlaka yote.

Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, kompyuta ya nyumbani ikapata wakubwa na wadogo. Baba au kaka mkubwa akawa msimamizi, wengine wakapewa akaunti zenye mipaka: wanaandika barua, wanasikiliza muziki, ila hawawezi kuweka programu nyingi wala kubadilisha nenosiri la mwenzao. Mpango mzuri, hadi siku msimamizi anaposafiri au anaposahau nenosiri lake. Printa mpya imenunuliwa, inakataa kuwekwa, na nyumba nzima inatazamana.

Hapo ndipo fundi alipojenga jina. Aliiwasha mashine huku akigongagonga F8 kabla nembo haijatokea, akachagua hali salama kwenye orodha ya maandishi meupe juu ya weusi. Skrini ilirudi na rangi zilizopauka, picha zimevimba, maneno ya hali salama kwenye kila pembe. Kati ya majina ya wanafamilia lilitokea jina ambalo hawakuwahi kuliona: Administrator. Katika toleo la Home, akaunti hiyo ya asili haikuombewa nenosiri wakati wa kusakinisha, kwa hiyo ilifunguka bila kuulizwa kitu. Akaingia kwenye orodha ya watumiaji, akampa baba nenosiri jipya, akaiwasha upya. Wateja walidhani ni uganga.

Pale ambapo akaunti hiyo ilikuwa imewekewa nenosiri, alikuwa na CD yake. Mafundi wengi duniani waliitumia ileile, programu ndogo ya Petter Nordahl-Hagen, ambayo iliiwasha kompyuta bila kuigusa Windows, ikafungua faili liitwalo SAM ambamo alama za manenosiri huhifadhiwa, na kufuta ya mtu unayemtaka. Njia hiyo ilikuwa na madhara yake. Kwenye toleo la Professional, mtu aliyekuwa amesimba faili zake kwa njia fiche ya Windows yenyewe angeweza kuingia kwenye akaunti yake na kukuta faili hazifunguki tena. Kwa hiyo fundi alizoea kuuliza kwanza, na kuwaeleza wateja kwamba kupata mamlaka si sawa na kupata vitu vyako.

Vista ilifika madukani Januari 2007, na ile akaunti ya asili ikaja ikiwa imezimwa. Ikazuka shida mpya, ya watu kujivua madaraka wenyewe. Mtu ana akaunti moja tu ya msimamizi, anasikia kwamba ni salama zaidi kutumia akaunti ya kawaida, anaibadilisha. Baada ya hapo kila anachotaka kufanya kinamletea dirisha la kuomba idhini ya msimamizi, lakini hakuna jina la kuchagua, hakuna pa kuandika nenosiri, na kitufe cha kukubali kimefifia. Waliounda Vista walikuwa wamelifikiria hilo. Ikiwa hakuna msimamizi mwingine aliyebaki, hali salama humruhusu Administrator aliyezimwa aingie kuokoa jahazi. Fundi aliwarudishia wengi madaraka kwa njia hiyo, bila kupiga Windows upya na bila kupoteza picha hata moja.

Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, F8 iliacha kufanya kazi kama zamani, na akaunti ya nyumbani ikaanza kufungamana na barua pepe. Windows 11, ya mwaka 2021, inataka intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuanza, na mara nyingi diski yote husimbwa. CD ya zamani haioni kitu humo. Ni haki iwe hivyo: F8 iliyomwokoa baba ilimfaa pia mwizi wa kompyuta.

Lakini mzigo umehamia kwa familia. Mama mmoja alikuja na laptopu ya marehemu mumewe. Ilikuwa imetengenezwa ubao wake mkuu mahali pengine, na sasa ilidai ufunguo wa urejeshi wenye tarakimu 48.

"Shikamoo mama. Simu ya marehemu bado ipo?"

"Marahaba mwanangu. Ipo, ila laini ilishafungwa."

Laini ingepokea namba ya uthibitisho ya kufungulia akaunti ya Microsoft ya marehemu, ambamo ufunguo ulihifadhiwa. Bila hiyo ilibaki barua pepe. Bahati nzuri, bado ilikuwa wazi kwenye simu ileile. Namba ikatumwa huko, akaunti ikafunguka, na ufunguo ukaonekana: mafungu manane ya tarakimu sita. Mjukuu aliyekuja na mama alisoma fungu moja moja kwa sauti, fundi akiandika, mama akifuatisha kwa kidole kwenye skrini ya simu.

Windows ilipofunguka, fundi alimwomba mama achague jina la akaunti yake mwenyewe. Akaipa mamlaka ya msimamizi, akaweka namba ya simu ya binti wa mama huyo kwa ajili ya uthibitisho, akazinakili zile tarakimu kwenye karatasi. Mama akaitia kwenye bahasha ya hati za nyumba.