Niliidhamini Taa Nisiyoijua

Nimekosa, na walioumia kwa kosa langu ni watu ninaokutana nao mtaani kila siku. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapa Butimba, Mwanza. Kikundi cha wavuvi wa dagaa kiliniomba nikichagulie taa za kichwani, zile za kuchaji zenye mkanda wa kuvaa kwenye paji la uso. Nikachagua. Wakanunua kwa neno langu, kwa fedha ya mfuko wa kikundi, na taa zikazimika wakiwa katikati ya ziwa. Walipokuja kulalamika nikafanya baya zaidi: niliwaambia kosa ni lao.

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Taa huwekwa zikielea juu ya maji, wadudu wadogo na dagaa hufuata mwanga, kisha wavu huzungushwa na kuvutwa. Siku za mbalamwezi mwanga wa taa hupotea ndani ya mwanga wa mwezi, na wavuvi wengi hupumzika. Zamani kazi hiyo ilifanywa na karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za LED zinazotumia betri zimeshika nafasi kubwa. Lakini hiyo ni taa ya samaki. Mvuvi mwenyewe anahitaji mwanga wake wa kufungulia wavu uliojisokota, kumwagia petroli kwenye injini, kukombea maji yaliyoingia mtumbwini, na kuonekana na mtumbwi mwingine unaokuja. Mikono yake yote miwili ina kazi, ndiyo maana tochi ya mkononi haimfai.

Haya yote niliyajua, nimekulia kando ya ziwa. Hata hivyo taa niliipimia dukani. Niliiwasha nikaimulika ukutani, ikang'aa kuliko zote zilizokuwa mezani. Nikasoma maandishi ya boksi: betri ya mAh 9,900 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), saa 12 za mwanga, haiingii maji. Nikaizima, nikasema hii ndiyo yenyewe. Ukuta wa duka ulikuwa mkavu, nilikuwa nimekaa kitini, na taa ilikuwa imetoka kwenye chaji muda mfupi uliopita. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachofanana na mtumbwi.

Wiki haikuisha, kijana mmoja wa kikundi akaja. "Fundi, shikamoo. Zile taa zinakata kabla ya saa nne usiku." Wao huziwasha saa moja jioni na kurudi mwaloni alfajiri. Akanieleza kwamba usiku uliotangulia kamba ilikuwa imejizungusha kwenye propela. Taa za kichwani zote zilikuwa zimekwisha, naye akabana simu yake kwa meno ili apate mwanga wa kuikata. Mtumbwi ukayumba, simu ikaenda majini. Walikaa gizani na injini iliyozimwa mpaka walipofanikiwa kuikata ile kamba kwa kupapasa.

Nilimjibu kwamba hawajui kuchaji. Nikamwambia wanaziacha kwenye chaji muda mfupi, na wanawasha mwanga mkali bila sababu. Nilisema hivyo bila kuifungua hata taa moja. Yule kijana ni mdogo kwangu kwa umri, akanyamaza kwa adabu, akaondoka. Adabu yake niliichukua kama ushahidi kwamba nina haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Mzee wa kikundi ndiye aliyeniamsha. Alileta taa tatu zilizokufa, akaziweka mezani na kusema, "Mwanangu, zifungue kwanza, halafu ndiyo utueleze kosa letu."

Nikazifungua. Ya kwanza, kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kilikuwa kimelegea na hakikurudi mahali pake. Ndani, springi ya betri ilikuwa imeota kutu na ncha ya shaba imegeuka kijani. Nikaichomoa betri. Ilikuwa ya aina inayoitwa 18650, jina linalotokana na vipimo vyake: unene wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri nzuri ya ukubwa huo huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Hii ilikuwa nyepesi hata kabla ya kuiweka kwenye mizani. Nikaichaji ikajaa, nikaipa mzigo wa nusu ampea na kuitazama saa. Ilidumu zaidi kidogo ya saa mbili. Hesabu yake ni karibu mAh 1,100.

Fundi wa kazi yangu alipaswa kulijua hilo kwa kusoma tu boksi. Betri za ukubwa huo, hata za watengenezaji bora, zimekuwa zikiishia karibu mAh 3,500. Namba 9,900 haiwezi kuenea humo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na muuzaji ataandika namba inayomuuzia. Kazi ya fundi ni kumkatalia. Mimi niliipokea ile namba, nikaiongezea jina langu.

Na sisi wa Mwanza si wa kwanza kuumizwa hivi. Kati ya 2009 na 2010 watafiti Jenny Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills walichapisha ripoti kuhusu watu wanaotumia tochi za LED nchini Kenya, na walikuta wengi wao wakipata hitilafu ndani ya miezi michache. Anayeumia ni yule mwenye kipato kidogo, kwa sababu hununua tena na tena kitu kilekile kibovu.

Tangu siku ile nimebadili namna ya kupima, na ninaieleza hapa ili mwenye kununua aitumie.

Kwanza, muda. Iko kanuni ya Marekani ya kupima tochi, inayoitwa FL 1. Kwa kanuni hiyo, saa za mwanga huhesabiwa mpaka mwanga unaposhuka kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Kwa hiyo hata kampuni ya kweli ikiandika saa 12, huenda saa nyingi kati ya hizo ni mwanga hafifu. Iwashe taa yako jioni kwa mwanga utakaoufanyia kazi, iache, uitazame kila baada ya saa moja mpaka alfajiri. Kama kazi yako ni ya saa kumi na taa ni ya saa tatu, nunua betri za akiba au achana nayo.

Pili, umbali. Kanuni hiyohiyo huhesabu umbali mpaka pale mwanga unapobaki laksi 0.25, yaani kiasi cha mbalamwezi. Mvuvi wa dagaa anaujua mwanga huo vizuri: unatosha kuona mwili wa mtumbwi, hautoshi kufungua fundo. Ndani ya mtumbwi mwanga unaohitajika ni wa mita chache, uliotawanyika. Mwanga mkali mwembamba unampofusha mwenzako anayevuta wavu akiwa amekuelekea, na macho yake yatahitaji dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena sawasawa. Taa yenye mwanga hafifu, au mwekundu, inafaa zaidi kwa kazi za karibu. Pia mwanga wa kichwani huita wadudu wa ziwani, na wakiwa wengi huingia puani na mdomoni; taa inayoweza kushushwa kifuani inamsaidia mvuvi kupumua.

Tatu, maji. Maneno "haiingii maji" hayana maana bila alama. IPX4 ni kurushiwa matone kutoka kila upande. IPX7 ni kuzama mita moja kwa dakika 30. Kwa mtumbwi, anzia IPX7, kisha uizamishe mwenyewe kwenye ndoo, uitoe, uifungue, utazame kama kuna unyevu. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji ndicho huharibika kwanza. Kikague kila mara kabla ya kutoka.

Nne, usalama. Betri ya lithiamu iliyoingia maji, iliyovimba, au yenye ganda lililochubuka isichajiwe tena, na betri yoyote isichajiwe juu ya godoro watu wakiwa wamelala. Yaweza kuwaka moto.

Niliwaendea wavuvi mwaloni, nikaomba radhi mbele ya kikundi kizima, si kwa mzee peke yake. Kwa yule kijana niliomba radhi kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye niliyemdhalilisha. Fedha ya taa nimeanza kuirudisha kwenye mfuko wao kidogo kidogo, na simu iliyozama nimeilipa. Sikumwachia muuzaji deni hilo. Wavuvi hawakumjua yeye, walinijua mimi.

Kwenu mafundi wenzangu: mtu akikuuliza "hii nzuri?" na wewe hujaipima, mwambie hujaipima. Mteja akirudi na kitu kibovu, kifungue kabla hujamfungulia mdomo. Na ninyi mnaonunua, msikubali neno la fundi yeyote, langu likiwemo, mpaka taa imekaa usiku mzima ikiwaka mbele ya macho yenu.